Riwaya ya Kwanza na Daftari la Insha

Wanachuo wetu wanaporudi kutoka katika mazoezi ya kufundisha aghalabu hutuuliza swali moja: je, mtunzi wa hadithi huzaliwa au hufundishwa? Wengi wao huwa na jibu lao tayari. Huamini kwamba mwenye kipaji anacho, na asiyekuwa nacho yatosha afundishwe kuandika barua ya kuomba kazi. Sisi hatukubaliani na jibu hilo. Katika makala haya tunakusudia kueleza sababu zetu, kwa kuifuata safari ya riwaya moja ambayo mtunzi wake aliitoa akiwa kijana, na ambayo ilikuwa riwaya yake ya kwanza. Lakini kabla ya kufika huko hatuna budi kuanza na kosa letu wenyewe.

Mwaka mmoja tulikwenda kumkagua mwanachuo katika shule ya msingi isiyo mbali na Mtaa wa Msimbazi, hapa Dar es Salaam. Somo lilikuwa utungaji, Darasa la Sita, na kichwa cha insha kilikuwa "Siku Nisiyoisahau". Ubaoni palikuwa na misemo kumi ambayo kila mtoto alitakiwa kuitumia. Tuliomba madaftari tuyapitie. Msichana mmoja alikuwa ameandika juu ya alfajiri aliyokwenda na mama yake kupanga nyanya katika soko la Kariakoo. Alieleza namna magari yanavyoshusha mizigo gizani, na jinsi mchukuzi mmoja mzee alivyoteleza na tenga la mama yake, nyanya zikapondeka. Mama akamwinua mzee kwanza. Nyanya akaziokota baadaye. Insha iliishia hapo. Chini yake mwanachuo wetu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Hujatumia misemo. Rudia." Alimpa alama nane kwa ishirini.

Nasi tulifanyaje? Tulitazama andalio la somo, tukaliona limekamilika. Tulitazama muda, zana na matumizi ya ubao, yote yalikuwa sawa. Tukampa mwanachuo alama nzuri, tukaaga. Ni baadaye tu, tukiwa njiani kurudi, ndipo yule mama na yule mchukuzi walipoanza kutusumbua. Mtoto alikuwa ametenda jambo ambalo watu wazima wengi hawaliwezi: aliona, akachagua, akaandika, akajua pa kuachia. Mwalimu wake hakuliona. Sisi, ambao kazi yetu ni kumfundisha mwalimu huyo kuona, tulichelewa.

Sasa tutazame riwaya tuliyoitaja. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe, si Kiswahili. Alisoma katika seminari ya Nyegezi, karibu na Mwanza, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako alihitimu mwaka 1970 akiwa amesomea pia ualimu. Mwaka uliofuata, 1971, riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka. Alikuwa na umri wa miaka 27, yaani hakuwapita sana kwa umri wengi wenu mnaosoma makala haya.

Je, aliyapata wapi ya kuandika? Hatudai kuyajua yaliyokuwa moyoni mwake, lakini kitabu chenyewe kinasema mengi. Kisa kinaanzia Ukerewe, yaani nyumbani kwake. Jina la kitabu ni moja ya majina ya sifa ambayo Wakatoliki humwita Bikira Maria katika litania, jambo ambalo kijana aliyepitia seminari asingeweza kulikosa. Na mhusika mkuu ni msichana anayelelewa kwa ukali na baba mlevi, anayepigwa kwa sababu ya barua ya mvulana, kisha anapelekwa shule ya bweni bila kuwa amefundishwa neno lolote juu ya dunia inayomngoja. Baadaye anaingia chuo cha ualimu. Wanaume wazima wenye kazi na vyeo wanamharibia maisha, na mwishowe anajiua. Nyumba, kanisa, shule na chuo: hiyo ndiyo dunia ambayo mtunzi alikuwa ameishi ndani yake tangu utoto. Hakwenda mbali kutafuta.

Njia ya kuchapishwa nayo ina mafunzo yake. Riwaya hii ilitolewa na Shirika la Maandishi la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, makao yake makuu yakiwa Nairobi. Shirika hilo hilo ndilo lililoendesha mashindano ya uandishi ambayo Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapwa mwaka 1960. Mwaka 1975 Ndyanao Balisidya, mmoja wa wanawake wa kwanza kuandika riwaya ya Kiswahili, alichapisha Shida kwa Foundation Books, Nairobi pia. Ndiyo kusema kwamba watunzi hao hawakutosheka na kuandika tu. Kulikuwa na mlango wa kubisha, na nyuma ya mlango palikuwa na mtu wa kusoma mswada. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mlango ule mkubwa ulifungwa.

Kuchapishwa, hata hivyo, hakukumaliza taabu za Rosa Mistika. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni. Wakubwa walisema kinaeleza waziwazi mambo ya mapenzi ambayo vijana hawapaswi kuyasoma. Miaka ikapita, na kitabu kile kile kikaja kuingizwa katika orodha ya vitabu vya sekondari. Maneno ya kitabu hayakubadilika. Waliobadilika ni wasomaji. Naye Kezilahabi hakukata kalamu. Aliendelea na Kichwamaji mwaka 1974 na Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975, akawa mwalimu wa vyuo vikuu hadi uzeeni, na alipofariki Januari 2020 alikuwa anahesabiwa miongoni mwa watunzi wakuu wa lugha yetu.

Hapa huenda mwanachuo akatuuliza: "Mwalimu, mnataka tuwasomee watoto wa Darasa la Sita Rosa Mistika?" La, hasha. Kitabu hicho si cha umri wao. Lakini ni cha umri wenu, nanyi mnapaswa kukisoma kabla ya kupewa darasa, hata kama kinatuumbua sisi wakufunzi kwa kuonyesha kwamba chuo cha ualimu kinaweza kumwangamiza msichana badala ya kumlea. Mwalimu aliyekisoma vizuri atajua maana ya kumwacha mtoto bila maneno ya kueleza yanayompata. Rosa alikosa mtu wa kuzungumza naye. Mtoto anayeandika insha anazungumza nasi. Tukimjibu kwa wino mwekundu peke yake, atanyamaza.

Kwa hiyo tunatoa maoni yetu kama ifuatavyo.

Kwanza, kichwa cha insha kitoke katika mazingira ya mtoto. Mtoto wa Kariakoo anaishi katika mtaa ambao jina lake lenyewe ni historia, kwa kuwa lilitokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Anapita kila siku mbele ya jengo la soko lililosanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli, na kufunguliwa mwaka 1975. Wapo watoto walioshuhudia moto ulioliunguza soko hilo Julai 2021. Kumwambia mtoto wa namna hiyo aandike juu ya safari ya mbugani ambayo hajawahi kuifanya ni kumfundisha kusema uongo kwa Kiswahili fasaha.

Pili, misemo na methali zifundishwe, maana ni mali yetu, lakini zisiwe kodi ambayo kila insha inatozwa. Mtoto aliyeandika kwamba mama alimwinua mzee kwanza hakuhitaji methali ya kumsaidia.

Tatu, mwalimu asome insha mara mbili. Mara ya kwanza aisome kama msomaji, kalamu ikiwa mezani. Mara ya pili ndipo asahihishe herufi na nukta. Tunafahamu kwamba madarasa ya mjini yana watoto wengi na kwamba jambo hili si jepesi. Basi asome madaftari kumi kwa namna hiyo kila juma, na kila mtoto atafikiwa kwa zamu yake.

Nne, insha njema isifie daftarini. Isomwe mbele ya darasa kwa idhini ya mtoto, au ibandikwe ukutani. Huko ndiko kuchapishwa kwa mara ya kwanza. Milango mikubwa nayo haikukosekana baada ya ule wa 1977: Tuzo ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Kiswahili iliundwa mwaka 2014, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilizinduliwa mwaka 2022. Lakini hakuna afikaye kwenye tuzo ikiwa alikatazwa kuandika akiwa Darasa la Sita.

Tulimwita yule mwanachuo siku iliyofuata, tukamweleza kwamba tulikosea sisi kabla yake. Alirudi shuleni, akalitafuta lile daftari, akafuta neno "Rudia", na mahali pake akaandika swali: "Je, yule mzee alisema nini?" Msichana alijibu kwa ukurasa mzima.