Printa ya Saiba Haina Makosa

Wasee, leo naongea juu ya kitu kinachokula pesa zenu kuliko bando: kuprinti.

Kabla nianze hizi video, nilifanya kazi kwenye saiba moja nje ya geti ya chuo fulani hapa Nairobi. Mimi mwenyewe chuo niliacha nikiwa mwaka wa pili, kwa hivyo sikuja hapa kujifanya lekchara. Lakini watu wa mwaka wa nne ndio walikuwa wananiletea projekti zao nizitibu. Fikiria hapo kidogo.

Alasiri moja akaja msichana, kurasa 64, dedlaini saa kumi na moja. Faili akaituma kwa WhatsApp, nikafungua, nikabonyeza. Printa kimya. Taa ya chungwa ikaanza kuwaka na kuzima.

"Brathe, hii mashini yako ni mbovu."

Karatasi zilikuwa zimejaa, wino upo. Mashini ilikuwa inangoja karatasi ambayo sijawahi kuiona ikiuzwa kwa duka la vitabu mtaani kwetu: Letter, ya Wamarekani. Laptopu nyingi huku zinatumika zikiwa bado na setingi za Marekani, na Word ikiona hivyo inakupangia kazi kwa Letter. Hiyo ni sentimita 21.59 kwa 27.94. A4 yetu ni 21 kwa 29.7. Kwa macho zinafanana. Kwa printa hazifanani hata kidogo.

Nikambadilishia ikawa A4, na kazi yote ikasonga. Ukurasa ulirefuka karibu sentimita 1.8 na ukapungua upana kama milimita 6, kwa hivyo mistari ikajipanga upya. Yaliyomo yakawa yanasema Sura ya Tatu iko 31, na yenyewe imehamia 29. Jedwali moja likakatika katikati.

Na hapa ndipo naomba radhi. Niliona. Foleni ilikuwa ndefu, bosi yuko pale nyuma, nikanyamaza, nikamtolea nakala mbili. Bob 10 kwa ukurasa, jumla 1,280. Kesho yake alirudi na macho mekundu, supavaiza ameikataa, tukaprinti tena. Jioni nilihesabu hiyo pesa nikiwa na aibu, lakini niliihesabu.

Kwa hivyo mtu akiniambia saiba ni wezi, simpingi sana. Lakini saiba inakula pale ambapo wewe hujui, na hujui kwa sababu kuna mtu alilipwa akufundishe na hakufundisha. Wengi wetu tulifanya kompyuta paketi baada ya fomu foo. Tulifundishwa kukoza maandishi, kupiga mstari chini, kuweka maua pembeni mwa barua. Cheti kina muhuri. Ukiulizwa utaanzaje namba za ukurasa kwenye Sura ya Kwanza ilhali kurasa za mbele ziko na i, ii, iii, unaangalia dari. Halafu lekchara anakukatia kazi kwa kitu hicho hicho. Kama kina uzito wa kumrudisha mtu nyumbani, basi kina uzito wa kufundishwa saa moja darasani.

Acha nikufundishe mimi, bure.

Elewa kwanza kwamba faili ya Word haina kurasa ndani. Ina maneno na maagizo. Kurasa zinatengenezwa upya na kila kompyuta, ikitumia fonti na printa ilizo nazo. Tangu 2023 Microsoft ilianza kuleta fonti ya Aptos mahali pa Calibri. Saiba yenye Word ya 2010 haina Aptos, kwa hivyo inachukua fonti nyingine yenye upana tofauti, na kurasa zako 64 zinaweza kuwa 67. Hakuna aliyekugusia kazi. Ulileta maagizo ukadhani umeleta kurasa.

Kwa hivyo siku ya kwanza, kabla hujaandika hata jina lako, ingia Layout, halafu Size, uchague A4. Ukifungua kile kidirisha cha Page Setup kuna kitufe cha Set As Default, bonyeza usisumbuke tena. Ukimaliza kazi, hifadhi kama PDF, fungua uipitie yote kwa simu yako, ndiyo uende saiba. PDF inabeba mpangilio na fonti zake. Lakini usiruke hatua: PDF iliyotengenezwa kwa Letter inabaki Letter, hapo utakuwa umefunga shida vizuri tu kwa karatasi ya zawadi.

Sasa zile namba. Siri inaitwa section break. Weka kishale mwanzo wa Sura ya Kwanza, ingia Layout, Breaks, uchague Next Page, ile iliyo chini ya Section Breaks. Kwa macho hakuna kinachobadilika sana, ndiyo maana watu hukata tamaa. Bonyeza mara mbili chini ya ukurasa pale namba inakaa, zima Link to Previous, na hiyo ndiyo watu wote husahau. Halafu kwa Format Page Numbers iambie hii sehemu ianze na 1, na ile ya mbele itumie i, ii, iii. Jedwali pana linalotaka ukurasa wa kulala ni mchezo ule ule: section break moja kabla yake, nyingine baada yake, geuza ya katikati peke yake. Ukigeuza bila hizo mbili, projekti yote inalala na jedwali.

Ukurasa mtupu mwishoni baada ya jedwali? Ni aya tupu ambayo Word inakataa kufutwa. Ifanye fonti saizi 1, itarudi juu.

Kuna msee ataniambia siku hizi kila kitu ni onlaini, nani anaprinti. Kaa saiba Alhamisi moja uone. Vitabu vya mazishi vinakuja usiku, familia imechoka, picha ya marehemu imekatwa paji la uso kwa sababu kazi ilipangwa kwa Letter. A4 ukiikunja mara moja katikati inakupa A5 yenye umbo lile lile, ndiyo uzuri wake. Letter ukiikunja, umbo linabadilika. Na hakuna anayetaka kubishana na shosho juu ya saizi ya karatasi saa hizo.

Watu wa saiba, nanyi semeni. Ukiona yaliyomo yamepotea njia, mwambie mteja kabla ya kubonyeza, na mtoze kazi ya kurekebisha waziwazi. Bob 50, bob 100, atalipa. Yule wangu angelipa 100 akabaki na 1,180 ya kula wiki nzima.

Wewe wa mwaka wa nne, nitumie kwa DM picha ya Page Setup yako. Kama imeandikwa Letter, usinunue karatasi bado.