Kura ya Beni na Deni Lake

Kuanzia tarehe 20 Novemba 2018, mgonjwa wa Ebola aliyekubali kuingia katika jaribio la Pamoja Tulinde Maisha huko Beni, mashariki mwa Kongo, hakuchaguliwa dawa na daktari wake. Dawa yake ilipatikana kwa kura. Zilifikia nne: ZMapp, remdesivir, mAb114 na, iliyoongezwa baadaye, REGN-EB3. Mama mjamzito, mtoto mchanga na mzee, wote waliingia katika kura hiyohiyo, na vituo vya Mangina, Butembo na Katwa navyo vikajiunga. Toleo hili linaitetea kura hiyo. Linadai pia deni ambalo watu wa Grand Nord, yaani eneo la Beni na Butembo, bado hawajalipwa.

Tuanze na hasira ya wananchi, maana ilikuwa na msingi. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wakichinjwa vijijini, na waliokuja kuwasaidia walikuwa wachache. Ebola ilipotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, magari yakajaa barabarani na fedha zikamiminika. Haikuchukua muda watu wakaanza kusema habari ya "biashara ya Ebola". Tarehe 26 Desemba 2018 Beni na Butembo zikaambiwa hazitapiga kura ya urais pamoja na nchi nzima, na ugonjwa ukatajwa kuwa mojawapo ya sababu. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili, Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, akauawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo. Katika hali kama hiyo, kumwambia mtu kwamba dawa ya mwanawe itaamuliwa kwa kura kulihitaji maelezo ya subira, kwa Kinande na kwa Kiswahili, tena kutoka kwa mtu anayeaminika. Mara nyingi maelezo hayo yalichelewa.

Hata hivyo, ni nani aliyejua dawa ipi inaponya? Hakuna. Ebola ya Afrika Magharibi iliua zaidi ya watu 11,000 kati ya 2014 na 2016, ikaisha bila dawa hata moja kuthibitishwa. Jaribio la ZMapp la wakati ule lilipata wagonjwa 72 tu, likaacha tumaini lisilo na uhakika. Agosti 2018, kabla ya kura kuanza, madaktari wetu walikuwa tayari wakitoa dawa hizi kwa huruma, kila mmoja akichagua kwa kadiri alivyoona. Kwa njia hiyo mgonjwa akipona, huwezi kujua kama ameponywa na dawa, na maji ya mishipani, au na nguvu za mwili wake. Anayechagua bila kujua naye anabahatisha, ila bahati yake haimfundishi mtu yeyote.

Katika jaribio hili hakuna aliyepewa maji matupu yakaitwa dawa. Kila mgonjwa alipata mojawapo ya dawa nne pamoja na huduma kamili. Kamati huru ilikuwa ikifuatilia matokeo, na tarehe 9 Agosti 2019, baada ya wagonjwa 681 kuandikishwa, ikashauri kura ya dawa nne isitishwe. Waliopewa ZMapp walikufa asilimia 49.7; remdesivir 53.1; mAb114 35.1; REGN-EB3 33.5. Tangu hapo wagonjwa wapya walipewa mbili zilizoshinda. Kura ni halali maadamu hatujui. Siku tunapojua, kuiendeleza ni dhambi. Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake walioongoza jaribio walilishika hilo. Nasi tukumbuke kwamba mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Ni kingamwili ya Mkongo.

Msomaji atashangaa kukuta katika toleo hili pia makala kuhusu Dictyostelium, kiumbe cha ute kinachoishi katika majani yaliyooza. Tumeiweka kwa makusudi, maana nayo inahusu kura ya aina yake. Chembe zake huishi mojamoja zikila bakteria. Chakula kikiisha, zenye njaa hutoa kemikali. Jirani akiipokea naye huitoa, wito ukaenea kwa mawimbi hadi chembe zipatazo laki moja zikusanyike kuwa mwili mmoja. Takriban moja katika kila tano hufa na kuwa bua, ili nyingine ziinuliwe juu zipate kusambaa. Ipi ife, kwa sehemu ni bahati tu: ilikuwa imeshiba kiasi gani, na ilikuwa katika hatua gani ya kukua njaa ilipoingia.

Chembe haiulizwi. Mgonjwa wa Katwa lazima aulizwe, aelezwe, na aweze kukataa bila kunyimwa matibabu. Wala hawezi kugeuzwa bua la kuwainulia watu wa nchi nyingine. Hapo ndipo deni lilipo.

Dawa mbili zilizoshinda, mAb114 na REGN-EB3, ziliidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2020, na Shirika la Afya Duniani likazipendekeza Agosti 2022. Ebola ilirudi Butembo Februari 2021, watu 12 wakaugua na 6 wakafa. Ikarudi Beni Oktoba mwaka huohuo, wakaugua 11 na kufa 9. Jaribio lenyewe lilikuwa limeonyesha kwamba kila siku mgonjwa anayochelewa baada ya dalili kuanza inaongeza hatari ya kifo. Kwa hiyo dawa iliyohifadhiwa ng'ambo ya bahari, na kipimo kisichofika kituo cha afya cha kijijini, ni uzito uleule juu ya mgonjwa.

Tunaiomba Wizara ya Afya na taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, INRB, pamoja na wafadhili wa majaribio yajayo, waweke akiba ya dawa hizi na vipimo vyake Beni na Butembo, na njia ya kuvifikisha hadi mji wa Kirumba, kusini mwa Butembo, hata barabara ikiwa mikononi mwa wenye silaha. Nawe msomaji, siku utakapoletewa karatasi ya kukubali jaribio lingine, kabla hujatia sahihi uliza: dawa hii ikifaulu, itakaa wapi, na nani atailipia?