Madaktari wageni wafundishwe Kiswahili kwanza

Mhariri,

Mwaka 2018 Kenya ilileta madaktari wapatao 100 kutoka Cuba, wakagawiwa kaunti mbalimbali. Mpango huo ulisitishwa 2023. Ujuzi wao siutilii shaka hata kidogo. Lakini daktari aliyezoea Kihispania atamwelewaje bibi anayelalamika kichomi, kizunguzungu na moyo kumwenda mbio? Mkalimani akikosea, dawa nayo huenda ikakosewa. Tena kuna mambo ya uzazi ambayo mama mtu mzima hawezi kuyatamka mbele ya mkalimani kijana, hata akiwa na maumivu makali.

Naiomba Wizara ya Afya, ikialika wengine, iwafundishe Kiswahili kabla ya kuwapanga hospitalini, na wauguzi wenyeji walipwe kwa kazi ya kuwaelekeza wodini.

Msomaji wako,
Kilifi