Tarakilishi kuukuu na ngoma za isukuti

Jumamosi moja nilifika Khayega, pale ambapo barabara ya Kisumu kwenda Kakamega hukutana na ile ya Shinyalu, nikiwa na kanda kumi na mbili za video mkobani. Katika kanda hizo mna mapigano ya mafahali, arusi, matanga, ngoma za isukuti na mazungumzo marefu ya wazee kwa Lwisukha. Baadhi ya wazee hao wamekwisha kututoka. Katika shule moja ya jirani nilikuta chumba chenye tarakilishi nane, nacho kimetiwa kufuli. Mwalimu aliyenipokea alinieleza kwamba mashine zile ni kuukuu, haziwezi kazi ya video, na kwamba shule ilikuwa ikisubiri mfadhili ailetee moja yenye nguvu.

Nionavyo mimi, kungoja huko ndiko kunakotupotezea hazina. Mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha isukuti ya Waisukha na Waidakho miongoni mwa urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa dharura. Nazo kanda za sumaku hazimngoji mfadhili. Huchakaa zikiwa kabatini, na kamera za kuzichezesha zinazidi kuadimika.

Kanda moja ya saa 1 ya aina niliyokuwa nayo huwa takriban gigabaiti 13 ikihamishiwa katika tarakilishi. Faili kubwa hivyo haiwezi kugawiwa wanafunzi, hivyo sharti isimbwe upya iwe ndogo. (Sisi wanaisimu tumelumbana miaka mingi kuhusu tarakilishi, kompyuta na ngamizi, nawaomba wasomaji waniruhusu kuiita kazi hii usimbaji, ugomvi wake tuuache kwa siku nyingine.) Programu ya usimbaji haihifadhi kila picha kikamilifu. Huweka picha kamili moja baada ya muda, kisha baina ya hizo huandika mabadiliko tu: mikono ya mpigangoma inakwenda, mti ulio nyuma yake umetulia. Kulinganisha picha moja na nyingine ndiko kunakoichosha mashine. Lakini kwa kuwa kila fungu huanza na picha kamili, filamu yaweza kukatwa hapo, na kila kipande kikapewa mashine yake bila ya kuhitaji kujua wenzake wanafanya nini.

Ndivyo tulivyofanya mimi na mwalimu yule. Tuliziunganisha mashine zote nane kwa nyaya na swichi, tukaweka katika kila moja programu ya FFmpeg, ambayo hailipiwi, tukahakikisha kwamba toleo ni lile lile kila mahali. Mashine moja tuliifanya nyapara: inatunza kanda, inaikata vipande vya dakika 1, kisha inavipokea vilivyokamilika na kuviunga. Kosa letu la kwanza lilikuwa kugawa vipande kwa usawa. Mashine sita zilimaliza, zikakaa bure zikiisubiri ile goigoi. Tulipobadili utaratibu, kila iliyomaliza ikawa inachukua kipande kingine, kama wafanyavyo watu katika shamba la ujima. Sauti tuliitoa nzima na kuishughulikia katika mashine moja, kwani ikikatwakatwa huweza kuacha mlio kwenye kila kiungo. Katika ngoma kasoro hiyo haifichiki.

Sidai kwamba mashine nane huleta kasi mara nane. Faili husafiri katika waya, na diski ya nyapara hulemewa na wageni. Isitoshe, kuihamisha kanda kutoka kamerani huchukua saa 1 kamili, na wingi wa mashine hausaidii kitu hapo. Faida kubwa niliiona alasiri, umeme ulipokatika. Vilipotea vile vipande tu vilivyokuwa vikishughulikiwa. Vyote vilivyokamilika vilikuwa salama diskini. Mashine moja yenye nguvu, ikifanya faili nzima kwa mkupuo, ingelazimika kuanza upya. Kwa mazingira yetu, hoja hiyo naiona nzito kuliko ya kasi.

Hata hivyo, pana tahadhari moja ambayo walimu hawana budi kuizingatia. Usimbaji wa namna hii hutupa sehemu ya habari, na iliyotupwa hairudi. Nakala ndogo ni ya darasani. Faili asilia ihifadhiwe katika diski mbili zinazokaa mahali mbalimbali, na sauti yake isiminywe kamwe. Lwisukha ni lugha ya toni. Mtafiti wa kesho atataka kupima sauti ya mzee yule kama ilivyotoka kinywani, wala si kama programu ilivyoamua kwamba sikio litaridhika nayo. Aidha, familia za waliorekodiwa ziombwe idhini kabla nakala hazijasambazwa, hasa zile za matanga.

Wakuu wa shule za Shinyalu na Ikolomani nawaomba jambo dogo: ufunguo wa chumba, Jumamosi, chini ya uangalizi wa mwalimu. Wanafunzi waunganishe nyaya wenyewe, kisha wakae na nyanya zao kuandika maneno wasiyoyaelewa katika nyimbo. Kwangu zimesalia kanda kumi na moja, na mbili kati yake zimeanza kunatanata.