Wazo Bila Kiti ni Kelele Tu



Kila kikundi kina kijana mmoja mwenye mawazo. Mkutanoni anainua mkono: jamani, tuweke hesabu kwenye simu, hili daftari kila mara linapotea. Mwenyekiti anatabasamu. "Wazo zuri sana kijana wetu, tutalifikiria." Mkutano unaofuata, jambo lenyewe halipo hata kwenye ajenda. Mwaka ukiisha kijana ameacha kuja, na wazee wanaulizana mbona vijana wa siku hizi hawapendi mikutano.

Tusiende mbali kutafuta dawa. Twende Bondo, kwenye bichi za Usenge, Uhanya na Wichlum.

Zamani mambo ya uvuvi yaliamuliwa na afisa wa serikali, na mwenye mtumbwi ndiye aliyesikilizwa. Mwaka 2007 Kenya ilitoa kanuni za vikundi vya kusimamia bichi, hivi ambavyo wavuvi wanaviita BMU. Jipya halikuwa jina. Jipya lilikuwa viti. Miongozo ya pamoja ya nchi tatu za ziwa inataka kamati ya watu 9 hadi 15: asilimia 30 wenye mitumbwi, 30 vibarua wanaovua, 10 wachuuzi wa samaki, na 30 wengine, kama mafundi wa mitumbwi na nyavu. Wanawake wasipungue 3.

Hebu itazame hesabu hiyo. Vijana wasio na mtumbwi, wanaokesha ziwani wakivua omena kwa taa, wana viti sawa na matajiri waliowaajiri. Na hiyo sio huruma, ni akili. Nani atajua kwanza kama taa ya sola inafaa kuliko karabai? Ni yule anayeiwasha usiku.

Sasa yamefika mabadiliko mengine: vizimba vya kufugia samaki. Vingi vya upande wa Kenya viko Siaya. Ni ubunifu wa kweli, maana samaki wa kuvua wamepungua. Lakini kizimba kinakaa mahali ambapo mwingine alikuwa akitega nyavu au kupitisha mtumbwi. Tena kinataka pesa za vifaranga na chakula, na asiye na mtaji anabaki kutazama. Kwa hiyo swali sio kama tunavitaka vizimba au hatuvitaki. Swali ni nani alikuwa ameketi pale mezani sehemu za maji zilipogawanywa.

Ng'ambo ya ziwa, Uganda ilisimamisha kamati zake mwaka 2015, na mwaka 2017 ikapeleka jeshi kupambana na uvuvi haramu. Wapo waliosema samaki wameongezeka. Wapo pia waliolia kwa vipigo na mitumbwi kuchomwa. Amri huleta mabadiliko haraka, lakini haimwachii mvuvi mahali pa kusema "hapa mmekosea."

Tuseme ukweli pia: kiti peke yake hakitoshi. Kibarua anayemtegemea tajiri kwa kazi ya kesho anaweza kukaa kwenye kamati mwaka mzima asifungue mdomo. Hivyo kanuni nzuri inahitaji watu wa kuisimamia.

Basi mkutano ujao wa kikundi chako, uwe ni wa SACCO ya bodaboda, chama cha wanafunzi au kamati ya vijana ya msikiti, usiende na wazo tupu. Omba mambo matatu.

Kwanza, kiti. Katiba itaje idadi ya viti vya vijana na vya wanawake, wenye kura, sio wawakilishi wa kupamba picha.

Pili, majaribio. Sema: kwa miezi mitatu tutumie daftari na simu pamoja, kisha tulinganishe. Mzee anayeogopa pesa za watu kupotea ana hoja. Mjibu kwa hesabu, usimjibu kwa dharau. Na majaribio yakifeli, kubali yamefeli.

Tatu, tarehe. Wazo liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, pamoja na jina la atakayeleta jibu na siku ya kulileta. "Tutalifikiria" isiyo na tarehe ni hapana iliyovaa kanzu.

Na siku utakapokuwa mwenyekiti wewe, angalia nyuma ya chumba. Kuna mdogo wako ameinua mkono.

Je, katiba ya kikundi chako inasemaje kuhusu viti? Wengi wetu hatujawahi hata kuiona. Iulize, ipigie picha, uisome kabla ya mkutano.