Chumvi ya mtoto, presha ya ukubwani

Uji wa mtoto wa miezi saba ukionjwa na mtu mzima, huonekana umepooza, na mkono huenda kwenye chumvi. Lakini ulimi unaolalamika ni wa mtu mzima. Mtoto hana cha kulinganisha; atazoea kile atakachopewa.

Kazi ya kutoa chumvi ya ziada mwilini ni ya figo, na figo za mtoto mchanga hazijakomaa. Chumvi ikibaki huvuta maji, maji huongeza wingi wa damu, na presha hupanda.

Mwaka 1983 watafiti wa Uholanzi walitoa matokeo ya watoto wachanga 476 waliogawanywa kwa kura: kundi moja lilipewa chakula chenye chumvi kidogo kwa miezi sita, jingine cha kawaida. Presha ya juu ya kundi la kwanza ilikuwa chini kwa takriban pointi 2. Miaka 15 baadaye walipimwa 167 kati yao, na tofauti ilikuwa bado ipo, takriban pointi 3.6. Utafiti mmoja haumalizi mjadala, lakini unatosha kumfanya mzazi aangalie upya bakuli la mtoto.

Miezi sita ya mwanzo, maziwa ya mama pekee yanatosha. Sodiamu yake ni ndogo. Anapoanza kula, mchotee chakula chake kabla hujatia chumvi kwenye sufuria. Vile vidonge vya mchuzi navyo ni chumvi, usimtilie. Ladha itoke kwenye karoti, nyanya, kitunguu, nazi au ndizi.

Kwa mkubwa wa shule, angalia anachonunua getini: embe la chumvi na pilipili, mihogo ya kukaanga, krispu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na mtoto apate pungufu ya hapo. Kikopo cha chumvi kisikae mezani.

Mambo mawili yasichanganywe. Chumvi kidogo ya familia iwe yenye madini joto. Na mtoto akiharisha, maji ya ORS apewe kama kawaida. Chumvi iliyomo humwokoa.