Aende Akacheze, Lakini Jina Lake Libaki Kwenye Rejista

Leo nimeshindwa kunyamaza. Ubishi umezuka hapa Mkwawa kati yetu watu wa ualimu, na kama mnavyotujua, kila mtu anafundisha na hakuna anayesikiliza. Swali lenyewe: dogo wa sekondari mwenye kipaji cha mpira akiitwa na timu kabla hajamaliza kidato cha nne, aende au abaki?

Kambi ni mbili. Kuna wale wa "elimu ni ufunguo wa maisha", wanaolisema neno hilo kama dua. Halafu kuna wale wa Samatta. Hawa ukiwauliza kitu chochote, hata bei ya chipsi, wanakujibu Samatta. Mimi nasema kambi zote mbili zinamwonea yule dogo, na kambi yetu ya walimu ndiyo inamwonea zaidi. Mnune, lakini msome mpaka mwisho.

Nianze na hao wa Samatta, maana ni wepesi. Mbwana Samatta ametokea African Lyon, akapita Simba, mwaka 2011 akaenda TP Mazembe kule Lubumbashi, akabeba tuzo ya mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 2015 kwa wanaocheza ndani ya bara, Januari 2016 akatua Genk na Januari 2020 akasaini Aston Villa. Heshima yake. Lakini hebu hesabuni. Ligi Kuu ya Uingereza kwa mfumo ule ilianza 1992, mwaka huohuo aliozaliwa Samatta. Mtanzania wa kwanza kucheza humo ni yeye, mwaka 2020. Miaka 28 nchi nzima tumetoa mmoja! Sasa wewe unamchukua mtu huyo mmoja unamfanya ushahidi wa kumshauri mtoto wa Makambako aache shule. Ni sawa na kumwambia mzee auze shamba lake la viazi anunue tiketi za bahati nasibu, kisa kuna jamaa wa Mbagala alishinda.

Na hatuhitaji kwenda mbali mpaka Uingereza. Wangapi mnaikumbuka Njombe Mji? Ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2017/18 mkoa mzima ulichanganyikiwa. Njombe yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa na miaka mitano tangu imegwe kutoka Iringa mwaka 2012, halafu leo Simba na Yanga wote wanakuja kucheza Sabasaba kwenye baridi ile. Ligi ilianza Agosti 2017. Mei 2018 ikaisha, Njombe Mji ikashuka daraja pamoja na majirani zetu Majimaji ya Songea. Basi.

Chukua kalamu. Dogo aliyeingia kidato cha tatu Januari 2017 angefanya mtihani wa taifa wa kidato cha nne Novemba 2018. Yaani timu imepanda, imecheza na wakubwa wote na imeshuka, yeye bado hajafika hata kwenye chumba cha mtihani! Kama angeacha shule kuifuata timu ile, timu ingemuacha kabla wenzake hawajamaliza. Sisemi kuna aliyefanya hivyo. Nasema hesabu ndiyo hiyo, na vilabu vingi vya mikoani huku kwetu maisha yake ni hayo hayo: leo wafadhili wapo, kesho mchezaji anaomba nauli ya kurudi kwao.

Haya, wa Samatta nimewamaliza. Sasa tuje kwetu.

Mwaka jana BTP yangu nilipangiwa shule moja pale Makambako. Wasiopajua, ni pale barabara ya Mbeya inapoachana na ile ya Njombe na Songea, reli ya TAZARA inapita, na kuna upepo ambao ukisimama kuandika ubaoni karibu na dirisha chaki inaweza kukutoka mkononi. Kulikuwa na habari ya winga mmoja. Mimi sikumkuta darasani, nilikuta jina lake limepigwa mstari kwenye rejista kwa wino mwekundu. Nikauliza. Mwalimu wa darasa akanijibu kwa mkato, "Huyo mtoro."

Taratibu nikapata kisa chote. Dogo alionekana kwenye UMISSETA. Jamaa wa timu moja wakaja na maneno matamu, akaenda majaribio, akafaulu, akaingia kambini akiwa kidato cha tatu. Mkataba hakuna, ni posho na ahadi. Miezi ikaenda. Akaumia goti, kambi ikamwambia akajiuguze nyumbani. Akarudi Makambako anachechemea, akapeleka begi lake shule akiamini kuna pa kurudi. Siku 90 za utoro zilishapita kitambo, jina limefutwa, akaambiwa nafasi hakuna. Nilipomwona mimi alikuwa sokoni anapakia viazi kwenye malori, goti limefungwa bendeji. Nikamsalimia, akaniita "mwalimu". Niliona aibu sana.

Sasa sikieni kinachoniuma. Kwenye ofisi ya mkuu wa shule ileile kuna kikombe kinang'aa, kimewekwa juu ya kabati la mafaili. Dogo huyo ndiye aliyesaidia kukileta. Wakati wa maandalizi ya UMISSETA alikuwa anatolewa darasani wiki nzima nzima, anapelekwa kambi ya wilaya, kambi ya mkoa, anakosa fizikia, anakosa hesabu, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyeandika "mtoro". Aliandikiwa "ruhusa". Akikosa vipindi kwa ajili ya kikombe cha shule ni mwanamichezo. Akikosa vipindi kwa ajili ya maisha yake mwenyewe ni mtoro. Wenzangu wa Falsafa ya Elimu nielezeeni hii inaitwaje, maana mimi jina ninalolijua haliandikiki hapa.

Najua kuna watakaosema dawa ni kuondoa hii michezo mashuleni ili watoto wasome. Jamani, hiyo dawa tumeshainywa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wa waziri wa elimu hayati Joseph Mungai, UMITASHUMTA na UMISSETA zilipigwa marufuku. Tukapata nini? Watoto hawakuacha mpira, waliuhamishia mtaani ambako hakuna mwalimu wala rejista. Upande wa pili tulikuwa na Makongo ya Kanali Idd Kipingu pale Dar, shule iliyojulikana nchi nzima kwa kutoa wachezaji wakiwa ndani ya sare za shule. Kwa hiyo mtu asiniambie haiwezekani.

Kuna rafiki yangu mmoja, mshabiki wa kikapu, akaniletea hoja ya Hasheem Thabeet. Eti mbona naye aliacha masomo Marekani na hakuna aliyelia? Kweli, aliondoka Chuo Kikuu cha Connecticut baada ya miaka mitatu, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika usajili wa NBA, na Memphis Grizzlies. Mtoto wa Dar, wa pili kati ya wote! Lakini angalia aliondokaje. Alikuwa na miaka 22, sekondari kamaliza, na ligi aliyoingia ina viwango vya mshahara vilivyoandikwa kwa wachezaji wapya, si posho ya mfukoni mwa mwenyekiti. Mambo uwanjani hayakuwa mepesi: Februari 2010 alishushwa ligi ya chini kwa muda, na mechi zake za mwisho NBA zilikuwa 2014. Hata hivyo hakuishia kupakia viazi. Tena wenzetu NBA tangu makubaliano ya 2005 hawamruhusu kijana kutoka sekondari moja kwa moja, sharti afikishe miaka 19 kwanza. Sisi tunamchukua wa 16 na kumwambia aje na viatu vyake!

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Kelvin John. Mnamkumbuka, yule wa Serengeti Boys ya 2019, tulipoandaa AFCON ya vijana hapa nyumbani tukafungwa mechi zote tatu (tuliifunga Nigeria mabao 4, wakatufunga 5, bado sijapoa). Ulaya walimtaka. Lakini sheria za FIFA haziruhusu kumhamisha mchezaji nchi kwa nchi kabla hajafikisha miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache. Kwa hiyo alikwenda wapi? Shule! Alikwenda Brooke House College, Uingereza, akasoma na kucheza, na mwaka 2021 alipotimiza 18 akasaini Genk. Kusubiri hakukumuua.

Na katika hizo sababu chache za FIFA kuna moja ningependa kila kiongozi wa klabu aipake kwenye ukuta wa ofisi yake. Ndani ya Ulaya kijana wa miaka 16 mpaka 18 anaweza kuhama, lakini klabu inayomchukua lazima imhakikishie, pamoja na mpira, masomo au ufundi utakaomwezesha kufanya kazi nyingine mpira ukiisha. Lazima, siyo hisani. Sasa kama Mbelgiji anabanwa hivyo kwa mtoto wa Mfaransa, kwa nini klabu ya kwetu isibanwe kwa mtoto wa Makambako? TFF inadai vilabu vya Ligi Kuu viwe na timu za vijana. Vizuri. Idai pia kwamba kila kijana wa timu hizo ambaye hajamaliza kidato cha nne aonyeshwe anasoma wapi, na asipoonyeshwa asipewe leseni ya kucheza. Vilabu vitajua shule ziko wapi ndani ya wiki moja, niaminini.

Kwa hiyo mimi sina tatizo na dogo kuondoka. Mpira haungoji, miguu ya miaka 17 huipati tena ukiwa na 25 na cheti chako mkononi. Familia yenye shida ikiona mlango wa kutokea umefunguka, wewe mwalimu mwenye mshahara utasema nini? Ninachokataa ni aende halafu asiwe na pa kurudi. Na hapo, jamani, klabu haina kosa peke yake. Yule aliyepiga mstari wa wino mwekundu hakuwa mwenyekiti wa klabu, alikuwa mwalimu, na alisoma chuo kama hiki hiki.

Usiniambie taratibu hairuhusu. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali waruhusiwe kurudi katika mfumo rasmi. Watu wengi walisikia habari ya wasichana waliopata ujauzito tu, na nilifurahi kwa ajili yao, lakini tangazo lilihusu hata waliokatisha kwa sababu nyingine. Goti ni sababu nyingine. Kuachwa na klabu ni sababu nyingine. Ni walimu wangapi mashuleni wanamtafuta dogo wa aina hiyo na kumwambia hivyo? Pale Makambako sikumsikia hata mmoja, na yule winga alikuwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka getini. Na kwa aliyekwisha kuwa mkubwa kuna masomo ya QT na kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, lakini hayo nayo mtu lazima aambiwe. Hatayaokota kwenye mazoezi ya jioni.

Kuna waliouliza: nani atagharamia hawa wanaoenda na kurudi? Nilicheka. Shule za serikali hazina ada mpaka kidato cha nne tangu 2016, na tangu 2022 mpaka cha sita. Dawati lipo. Mwalimu yupo, maana mwakani ni mimi na wewe. Kinachobaki ni mstari mmoja kwenye rejista usiopigwa. Sasa mnachobana ni nini hasa, wino?

Haya, karibuni tugombane. Ila wale wa Simba na Yanga msiniletee mambo yenu, hii mada ni ya Njombe.